Kipandauso na Nuru ya Jicho: Niliyojifunza Ishiara



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetupa macho mawili kabla hatujajua kuyaomba. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baad.

Wiki hii naandika juu ya maradhi ambayo ni nadra kukosekana katika nyumba zetu: kipandauso, yaani yale maumivu makali yanayokamata upande mmoja wa kichwa. Lakini sitaanza na kichwa. Nitaanza na jicho, kwa kuwa jicho ndilo lililonifunza. Somo lenyewe nililipata mbali na pwani, katika soko la Ishiara, na sehemu yake kubwa niliipata kwa kukosea. Nimeona ni amana kulieleza, ili kosa langu lisirudiwe na imamu mwingine, wala na baba au mama wa nyumba yoyote isomayo jarida hili.

Ishiara ni mji mdogo wa soko katika Mbeere Kaskazini, kaunti ya Embu, huko chini ambako vilima vya kijani huishia na nchi ikawa kavu, yenye jua kali na miti ya miiba. Watu wake hulima mtama na ndengu, ambazo sisi pwani twaziita pojo, na hufuga mbuzi na kurina asali. Waislamu wa pale si wengi. Nilialikwa baada ya Idd ya kufungua mwezi, mwaka jana, niwasomeshe darsa kwa majuma mawili.

Siku ya tatu, baada ya swala ya adhuhuri, alinijia kijana mmoja na mkewe. Mke alikuwa mama wa watoto watatu, muuzaji wa nafaka sokoni. Alisimulia kwa sauti ya chini.

"Shehe, nikiwa napima ndengu, mara naona kitu kama mkufu wa mwanga. Una meno kama ya msumeno na unatetemeka. Huanza kidogo, halafu unakua mpaka unajaa upande mmoja. Baada ya hapo nusu ya vitu sivioni. Nikimwangalia mteja naona nusu ya uso wake. Nikihesabu pesa, noti zingine ni kama hazipo."

Hali hiyo, alisema, hudumu kwa kadiri ya kuchemsha sufuria ya chai. Kisha mwanga hutoweka, na ndipo kichwa hukamata upande mmoja, kikipwita kama moyo, pamoja na kichefuchefu. Hapo hutaka giza na kimya tu, mpaka kesho yake. Majirani walikwisha kutoa hukumu: wengine walisema ni kijicho cha wauzaji wenzake, wengine jini. Mumewe alikuwa amemwambia aache biashara, na wakwe walianza kunong'ona kwamba kijana wao ameozwa mke asiye mzima. Nilipomtazama yule kijana, niliona kwamba hakuja kutafuta tiba peke yake. Alikuja kuniuliza kama amrudishe mkewe kwao.

Nilimsomea ruqya. Katika hilo sijuti, maana kumsomea mgonjwa ni katika mafunzo ya Mtume wetu (Rehema na amani zimshukie). Lakini nilikomea hapo. Nikawaambia wasubiri, nao wakasubiri. Siku ya nne, akivuka barabara, ule mwanga ukamjia tena, na bodaboda ikatokea upande asiouona. Kama si mtu kumvuta nguo, leo ningekuwa naandika habari nyingine. Jioni ile nilimwambia mumewe, "Mwanangu, kesho mpeleke hospitali, nami nitafuatana nanyi."

Swali moja la tabibu

Tabibu aliyetupokea alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akauliza swali ambalo sisi sote, pamoja na usomaji wetu, hatukuwa tumeliuliza: "Hali hiyo ikikujia, umewahi kufunika jicho moja, kisha la pili?"

Hakuwahi. Tabibu akamwelekeza afanye hivyo siku itakapomjia tena. Ikiwa mwanga na giza vitaonekana kwa macho yote mawili, kila moja likifunikwa kwa zamu, basi kasoro haiko jichoni. Iko ndani ya ubongo. Ikiwa ni jicho moja tu linalozimika, na la pili lina uzima kamili, hilo ni jambo jingine kabisa, na asingoje hata siku moja.

Baada ya siku tatu hali ilimjia. Alifunika jicho la kulia, mwanga ukabaki. Akafunika la kushoto, mwanga ukabaki pale pale, upande ule ule. Tulirudi kwa tabibu, naye akamwambia kwamba ana kipandauso chenye dalili za kutangulia, ambazo waganga wa leo huziita aura. Si jini, wala si upofu unaomnyemelea.

Niwaeleze yale niliyofahamishwa, na niliyoyasoma baadaye. Mwanachuoni wetu Ibn al-Haytham, aliyefariki Misri yapata mwaka 1040, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba nuru hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni, na kwamba kukitambua kitu hukamilika ndani, katika ubongo. Leo yajulikana kwamba sehemu ya ubongo inayopokea habari za macho iko kisogoni. Kisogo cha kulia hupokea habari za upande wa kushoto kutoka macho yote mawili, na kisogo cha kushoto hupokea za upande wa kulia. Ndiyo sababu yule mama alikosa nusu ya uso wa mteja kwa macho yote mawili.

Mwaka 1944 mtafiti kutoka Brazil aitwaye Aristides Leão alichapisha habari za wimbi alilolibaini juu ya ubongo wa sungura. Seli huchangamka ghafla, kisha hunyamaza kwa muda, na hali hiyo husambaa polepole, kama doa la mafuta juu ya kanzu. Miaka michache nyuma, mwaka 1941, mwanasayansi wa Marekani Karl Lashley alikuwa amechora mwanga wa kipandauso chake mwenyewe, akapima jinsi unavyotanuka, akakisia kwamba kitu fulani hutembea kisogoni kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa dakika. Wawili hao hawakuwa wakitafuta jambo moja, lakini mwendo waliouona ulikaribiana sana.

Damu nayo ina sehemu yake. Wimbi linapopita, mishipa ya pale hupeleka damu nyingi kwa muda mfupi, kisha damu hupungua na kubaki pungufu kwa muda mrefu zaidi. Mwaka 1981 watafiti wa Denmark, akiwemo Jes Olesen, walionyesha upungufu huo ukisambaa katika ubongo wa wagonjwa wenyewe. Zamani ilidhaniwa kwamba kipandauso ni mishipa ya damu tu kubana na kutanuka. Sasa imefahamika kwamba chanzo ni neva, na mishipa hufuata.

Aura huchukua kati ya dakika 5 na 60, na maumivu yasipotibiwa huweza kudumu kati ya saa 4 na saa 72. Si kila mwenye kipandauso huiona aura. Ni kama robo hadi thuluthi yao. Wanawake hupatwa na maradhi haya mara 2 hadi 3 zaidi kuliko wanaume, kwa sababu ya mabadiliko ya homoni.

Wala mtu asituambie kwamba haya ni maradhi ya Wazungu au ya wenye fikra nyingi. Duniani wenye kipandauso ni zaidi ya watu bilioni 1. Kwa jirani zetu Tanzania, katika wilaya ya Mbulu, watafiti walipita nyumba kwa nyumba kati ya mwaka 2003 na 2004, wakawauliza watu zaidi ya 7,000 wa vijijini. Walipata kwamba kiasi cha watu 4 katika kila 100 walikuwa na kipandauso katika mwaka ule.

Maradhi yenyewe ni ya kale. Waarabu huyaita shaqiqa, jina linalotokana na neno lenye maana ya upande au nusu. Imepokewa na Imam Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas kwamba Mtume (Rehema na amani zimshukie) alipigwa chuku kichwani hali ya kuwa katika ihramu, kwa sababu ya maumivu ya aina hiyo. Ikiwa mbora wa viumbe aliumwa hivyo, itakuwaje tumwone mke au dada mwenye kipandauso kuwa ni mtu mwenye aibu?

Kosa langu

Laiti ningeishia hapo. Lakini elimu kidogo ina kiburi chake.

Siku mbili kabla ya kuondoka Ishiara, baba mkwe wa yule mama aliniita pembeni, baada ya swala ya alasiri. Alikuwa mzee wa miaka 60 na kitu, mwenye presha ya siku nyingi, na mvutaji wa sigara. Akaniambia, "Shehe, hata mimi nafikiri nina huo ugonjwa wa mke wa kijana wangu. Jicho langu la kulia huzimika. Ni kama mtu ameshusha pazia jeusi. Dakika chache tu, halafu linapanda. Imetokea mara tatu mwezi huu. Lakini kichwa hakiniumi."

Nami, niliyekuwa nimetoka kujifunza, nilifurahi kuwa na jibu. Nilimwambia, "Mzee wangu, usiwe na hofu. Ni kipandauso hicho hicho, wengine hawaumwi kichwa. Pumzika na unywe maji."

Sikumuuliza swali la tabibu. Jibu alikwisha kunipa mwenyewe: jicho la kulia, moja, pazia. Yote niliyoambiwa kuwa ni jambo jingine kabisa alinitajia, na mimi sikuyasikia.

Baada ya siku 19, nikiwa nimesharudi nyumbani, nilipigiwa simu. Mzee aliamka alfajiri mkono na mguu wa kushoto haviinuki, na mdomo umepinda. Kilikuwa kiharusi.

Jicho na mto wake

Niliporejewa na utulivu, nilimwendea daktari wa macho hapa kwetu nikamsimulia yote. Alinichorea kwenye karatasi, nami nitajaribu kuwachorea kwa maneno.

Shingoni, kila upande, kuna mshipa mkubwa upandishao damu kichwani. Mshipa huo hutoa tawi liendalo jichoni, na tawi hilo hutoa kijishipa chembamba sana kinachoingia nyuma ya jicho na kuulisha utando uitwao retina, ambao ndio upokeao nuru. Kijishipa hicho hakina mwenzake wa kukisaidia kazi. Kikizibika, sehemu kubwa ya retina hukosa riziki, na zikipita saa chache tu bila damu, huweza kufa isirudi.

Mshipa ule ule mkubwa wa shingoni, baada ya kulisha jicho la upande wake, huendelea na kulisha sehemu kubwa ya ubongo wa upande huo. Na ubongo wa kulia ndio unaoendesha mkono na mguu wa kushoto. Basi mzee wa Ishiara alikuwa na mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa wa kulia wa shingo. Vipande vidogo vilikuwa vikibanduka na kupita jichoni: pazia lashuka, kipande chapita, pazia lapanda. Mara tatu alionywa. Mara ya nne kipande kilikwenda ubongoni.

Nilimuuliza daktari, "Je, kipandauso hakiwezi kuzima jicho moja?" Akasema chaweza, lakini ni nadra. Kipo kipandauso cha retina, ambapo inaaminika kwamba mshipa wa jichoni hujibana wenyewe kwa muda, damu ikapungua, na jicho likaona giza au madoa kwa dakika kadhaa, kisha likarejea. Mara nyingi huwapata vijana, na maumivu ya kichwa huandamana nalo. Wachache miongoni mwao hubaki na upungufu wa kudumu wa kuona. Lakini daktari hasemi neno hilo mpaka kwanza apime moyo, presha, sukari, damu, mishipa ya shingo na jicho lenyewe, aone kwamba hakuna kingine. Hilo ni jina la mwisho kutajwa, nami nililitaja la kwanza.

Utafiti unaendelea. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles walichapisha matokeo ya kupiga picha mishipa midogo ya retina za wenye kipandauso, wakati wa shambulio na nje ya shambulio. Waliona kwamba wakati wa shambulio damu inayopita katika vijishipa hivyo hupungua. Kwa hiyo jicho na kipandauso vina ujamaa wa kweli. Lakini ujamaa huo usitufanye tudhani kwamba kila giza la jicho ni kipandauso.

Dalili zisizongoja

Naomba sehemu hii ikatwe na kubandikwa palipo na kalenda.

Kwanza, jicho moja likizimika, hata kwa dakika moja, hata likirudi lenyewe, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hilo ni zito zaidi kwa mwenye miaka zaidi ya 50, mwenye presha au sukari, na mvutaji wa sigara.

Pili, mkono au mguu ukilegea, uso ukipinda, au ulimi ukiwa mzito, usimlaze mgonjwa ukimngojea msomaji. Kiharusi huhesabiwa kwa dakika. Mpakie kwenye gari, na umsomee mkiwa njiani.

Tatu, aliyevuka miaka 50 akipata maumivu mapya ya kichwa, ngozi ya kichwa ikauma anapochana nywele, na taya zikauma anapotafuna, huenda mishipa ya kipajini imevimba. Maradhi hayo huweza kupofusha jicho moja, kisha la pili, na dawa yake ipo ikiwahiwa.

Nne, jicho likiwa jekundu na kuuma sana, pamoja na kutapika na kuona duara za rangi kuzunguka taa, hiyo yaweza kuwa presha ya macho ya ghafla. Wengi huidhania kipandauso.

Tano, ukiona vimulimuli pamoja na vidoa vingi vinavyoelea, na kivuli kinachosogea kutoka pembeni, retina yaweza kuwa inabanduka.

Sita, mama mjamzito aliyepita nusu ya mimba akiumwa sana na kichwa na kuona vimulimuli, apimwe presha na mkojo siku hiyo. Si kipandauso hicho mpaka ithibitike. Chaweza kuwa kifafa cha mimba kinachokuja, nacho huua mama na mtoto.

Saba, mwenye selimundu, maradhi yajulikanayo sana huku kwetu pwani, asidharau badiliko lolote la kuona, maana seli zake huweza kuziba vijishipa vya retina.

Nane, maumivu ya kichwa yanayopasuka ghafla kama radi, au yanayokuja na homa na shingo kukakamaa, au baada ya kuanguka, hayo si ya kulaliwa.

Tiba na mwenendo wa nyumbani

Aliyethibitishiwa kuwa ana kipandauso, mambo yake ni mepesi zaidi kuliko anavyodhani. Dawa za kawaida kama parasetamoli, ibuprofeni au aspirini husaidia wengi zikinywewa mapema maumivu yanapoanza, kwa kipimo alichoelekezwa. Watoto wasipewe aspirini. Ziko dawa mahsusi kama sumatriptani, ambayo hubana mishipa, na kwa hiyo haifai kwa aliyewahi kupata kiharusi au maradhi ya mishipa ya moyo. Anayeshambuliwa mara nyingi huweza kupewa dawa ya kila siku ya kuzuia, kama propranololi au amitriptilini. Ya kwanza haifai kwa mwenye pumu. Hayo yote ni ya kuamuliwa na daktari, si na muuza duka.

Jihadharini na kumeza vidonge vya maumivu kila siku. Mwenye kuvitumia siku 10 hadi 15 kwa mwezi, kwa miezi kadhaa, kichwa chake huanza kuuma kwa sababu ya vidonge vyenyewe.

Dada zangu, na waume zenu wasome pia: mwenye kipandauso chenye aura hatakiwi kutumia vidonge vya kupanga uzazi vyenye homoni ya estrojeni. Shirika la Afya Duniani limelitaja hilo waziwazi. Aura peke yake hupandisha hatari ya kiharusi takriban maradufu. Kwa mwanamke kijana hatari hiyo bado ni ndogo, lakini estrojeni huiongeza, na sigara huiongeza zaidi. Yule mama wa Ishiara alikuwa akivinywa vidonge hivyo kwa miaka miwili, na hakuna aliyemuuliza habari ya macho yake, wala yeye hakujua kama kuna haja ya kuitaja. Alibadilishiwa njia siku ile ile.

Kuhusu muguka, tusiseme kwa hasira. Mmea huo ni riziki ya wakulima wengi wa Mbeere, na ni fitina katika nyumba nyingi za pwani. Mei 2024 kaunti za Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zilipotangaza kuuzuia, shauri lilifika Mahakama Kuu ya Embu, nayo ikasimamisha amri hizo kwa muda. Hayo nawaachia wenye mamlaka. Langu ni hili: muguka huharakisha moyo, hupandisha presha, hubana mishipa, hufukuza usingizi na kuua hamu ya chakula. Kukosa usingizi na kuruka mlo ni katika mambo yanayoamsha kipandauso upesi. Mwenye kichwa kibovu akitafuna usiku kucha, asilaumu kijicho cha jirani asubuhi.

Na Ramadhani? Njaa, kiu na kuacha kahawa ghafla huamsha kipandauso, hasa siku za mwanzo. Mzoefu wa kahawa aanze kuipunguza tangu Shaabani. Daku iliwe mwishoni mwa usiku, maji yanywewe kidogo kidogo tangu futari mpaka daku, na usingizi usipotezwe kwa mabaraza. Atakayeshikwa na maumivu makali hali amefunga, Mwenyezi Mungu amempa ruhusa mgonjwa afungue na alipe siku nyingine. Asijione amepungukiwa na dini. Vivyo hivyo katika swala: asiyeweza kusimama huswali kaketi, na asiyeweza kuketi huswali kalala.

Kuuliza

Sahaba Jabir amesimulia, kama alivyopokea Abu Daud, habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwa kwa jiwe akiwa safarini. Akalazimika kuoga janaba, akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia hawamuonei ruhusa. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (Rehema na amani zimshukie) aliwakemea vikali mno, akawahesabu kuwa wao ndio waliomuua, akawafahamisha kwamba asiyejua tiba yake ni kuuliza. Hadithi hiyo nimeisomesha kwa zaidi ya miaka 20. Sikuwahi kudhani kwamba iko siku nitajiona ndani yake.

Nilirudi Ishiara mwezi wa tatu baada ya kiharusi. Yule mama yuko sokoni, amesimamisha mwavuli juu ya magunia yake, na katika daftari la shule la mwanawe huandika kila siku kichwa kinapomshika: alikula nini, alilala saa ngapi, jua lilikuwaje. Mashambulizi yamepungua. Yakimjia, hufunika magunia, jirani humwangalizia pesa, naye huketi kivulini mpaka nusu ya pili ya soko irudi. Mumewe hasemi tena habari ya kumrudisha kwao.

Mzee anatembea kwa fimbo. Mkono wa kushoto haujarudi vizuri, na sigara ameacha. Nilimwomba radhi mbele ya wanawe, nikamwambia kwamba alinipa dalili zote na mimi nikamjibu kwa ujinga. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Shehe, mimi nilikuuliza wewe kwa sababu ulikuwa karibu. Hospitali iko mbali, na inataka pesa."

Maneno hayo sijaweza kuyaondoa moyoni. Watu hutuuliza sisi masheikh na maimamu kwa sababu tuko karibu. Basi nawaomba wenzangu wa misikiti yetu: ajapo mtu na kusema macho yake yanazimika, tumsomee, na kabla hajavaa viatu tumuulize ni jicho moja au yote mawili. Ikiwa ni moja, tumtafutie nauli siku hiyo hiyo, hata kwa kupitisha kofia baada ya swala.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atusamehe tuliyoyasema bila ya kujua. Amin.